Jiwe-Kengele la Kapkoit

Kibuyu cha mursik kilikuwa na joto. Halikuwa joto la kuunguza, ila lile la paji la uso wa mtoto mwenye homa. Chepkirui aliondoa mkono haraka, akaupangusa kwenye leso. Kibuyu kilikuwa kimetundikwa ukutani tangu juzi, mbali na mafiga, na jikoni hapakuwa na moto tangu asubuhi. Akamwita mumewe aje aguse.

Mwalimu Ondieki alikuja shingo upande, kalamu nyekundu mkononi. Akagusa.

"Maziwa yakichacha hutoa joto," akasema. "Watu wenu wamekunywa mursik miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza ndani ya kibuyu kunatendeka nini."

"Natengeneza mursik tangu nikiwa msichana. Haijawahi kuwa hivi."

"Basi leo umejifunza kitu."

Akarudi kusahihisha madaftari. Huyo ndiye Ondieki Mosoti, Mkisii mwenye umri wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari iliyo mpakani mwa mashamba ya chai na msitu, upande wa Kericho. Mwaka ulikuwa 1969. Alimdharau mwalimu mkuu kwa kutojua kusoma ramani. Aliwadharau walimu wenzake kwa kucheka sana. Alimdharau mchungaji aliyeombea mvua katika nchi ambamo mvua hunyesha kila siku saa nane mchana, utake usitake. Wachumaji chai walipompa salamu barabarani, aliitikia kwa kidevu. Na alikuwa amemwekea mama mkwe wake, Chepngeno, dharau ya peke yake, kama mtu anavyomwekea mgeni sahani nzuri.

Kitu kimoja tu hakukidharau, nacho ni mlima Kapkoit. Aliweza kusimama barazani akautazama mpaka chai ikapoa. Pale ambapo wengine waliona kilima chenye msitu, yeye aliona volkeno iliyozimika, iliyomwaga lava yake kuelekea magharibi miaka milioni kumi na mbili iliyopita. Lava ile iliganda ikawa uwanda mrefu, uwanda ukaoza taratibu ukawa udongo mwekundu, na juu ya udongo huo ndiyo chai yote hii imesimama. Aliona jinsi mito inavyoteremka kutoka kileleni kila upande, kama njiti za gurudumu la baiskeli. Aliijua kreta yake, shimo kubwa la kileleni lililobomoka ukingo mmoja, lenye kinamasi katikati. Alikuwa akiandika kitabu kidogo juu ya mlima huo, na hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona mtu wa kumwambia.

Ni kwa ajili ya kitabu hicho alikuwa amepanda kreta wakati wa likizo ya Agosti, siku chache kabla ya habari ya kibuyu, akiongozwa na askari wa msitu aliyeitwa Kimutai. Ukingoni mwa kinamasi walikuta jiwe limesimamishwa wima, jembamba, la kijivu, refu kama mkono wa mtu mzima. Ondieki aliligonga kwa nyundo. Likalia. Lilitoa mlio safi, mrefu, kama kengele ya kanisa, na mlio ukazunguka kreta yote kabla ya kufa.

"Fonolaiti," Ondieki akasema, na kwa mara hiyo moja uso wake ulikuwa mzuri. "Jiwe-kengele. Lava ya namna hii ikiganda, ukiigonga inaimba. Sijawahi kuona kipande kizuri kama hiki."

"Hiyo wacha, Mwalimu," Kimutai akasema. "Iliwekwa na wazee."

"Wakafunika nini?"

"Sijui. Hata wao hawakutaka kusema."

"Kimutai, mwezi uliopita watu wametembea mwezini. Wameokota mawe, wamerudi nayo nyumbani. Na wewe hapa unaogopa jiwe la wazee waliokuwa wakivaa ngozi."

Akalitingisha mpaka likang'oka. Chini yake palikuwa na ufa usiozidi upana wa kiganja, na humo mlitoka hewa ya uvuguvugu, ikasita, ikatoka tena. Ondieki aliweka mkono juu ya ufa akafurahi sana, akaandika kwenye daftari kwamba mlima bado una joto tumboni. Kimutai alikuwa ameshaanza kushuka. Mwalimu alilikokota jiwe peke yake mpaka barabara ya msitu, na lori la mbao likamshusha nalo nyumbani. Akalitundika barazani kwa waya, ili aligonge kwa nyundo saa ya chakula.

Kesho yake baada ya habari ya kibuyu, saa nane, ukungu uliposhuka kutoka mlimani ukafunika michai, jiwe lililia mara tatu. Baraza ilikuwa tupu. Nyundo ilikuwa mezani, mbele ya Ondieki mwenyewe.

"Baridi imeingia ghafla," alimwambia mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na binti yao Nyambeki, mwenye miaka minne, ameng'ang'ania sketi yake. "Jiwe likipoa hujikaza. Likijikaza, hulia."

Baada ya hapo lililia kila siku saa nane. Kisha ikaja harufu ya kiberiti na mayai viza, ikakaa ndani ya mapazia. Likaja vumbi laini la kijivu, likatanda kitandani kila mchana hata madirisha yakifungwa. Chepkirui alilikung'uta na kulikung'uta, na alipoyatazama maji ya kufulia aliyaona kama uji wa majivu. Sakafu ya jikoni ikawa na joto chini ya nyayo. Kila jambo Ondieki alilitolea maelezo, na maelezo yalikuwa mazuri, na hayakuondoa chochote.

Kuku watano walikutwa wamelala katika kibonde kidogo nyuma ya jiko, wamekunja shingo kama wamesinzia. Hawakuwa na jeraha. Ondieki aliwasha njiti ya kiberiti akaishusha taratibu kuelekea chini. Ilipofika usawa wa goti, ikazimika kana kwamba imetumbukizwa majini.

"Kaboni dioksaidi," akasema kwa furaha. "Inatoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini kama maji kwenye beseni. Njoo uone."

"Hii shimo haikuwa hivi wiki jana," Chepkirui akasema. "Mtoto alikuwa anacheza hapa."

"Lilikuwa hivi. Hukuwa na macho ya kuliona."

Siku hiyohiyo Chepngeno alikuja kumtembelea mjukuu, kikapu cha mboga za managu mkononi. Alifika langoni, akaliona jiwe barazani, akasimama palepale. Alikuwa mwanamke mfupi, mwimbaji wa kanisa, na hakuwa na desturi ya kuogopa.

"Mwalimu," akasema, "huyo mgeni umrudishe kwao."

"Mama, hili ni jiwe. Lilikuwa hapa kabla ya watu kuwa watu. Sisi ndio wageni."

"Ndiyo nasema hivyo. Na usiseme watu vibaya mbele yake. Anasikia."

Akaacha kikapu kwenye nguzo ya lango, akaondoka bila kunywa chai. Ondieki alimtazama akizama ndani ya michai, kisha akasema kwa sauti ya kutosha mkewe asikie, "Mama yako angekuwa mwamba, angekuwa wa matope."

Jiwe likalia mara moja, polepole, kama mtu anayechekea puani. Wakati huo ilikuwa saa nne asubuhi na jua linawaka.

Jumamosi iliyofuata Chepkirui alikuwa ameketi kwenye kigoda sebuleni akipukuchua maharagwe, na Ondieki yuko mezani na ramani zake. Ukungu ulikuja. Jiwe lililia. Kisha ule mlio wa maharagwe kuanguka kwenye ungo ukakoma, na Ondieki, bila kuinua macho, akahisi kwamba anatazamwa.

"Keti vizuri, Mwalimu," mkewe akasema.

Haikuwa sauti yake. Ilitoka kifuani, kavu, yenye mwangwi mdogo nyuma ya kila neno, na ilisema Kiswahili cha darasani, Kiswahili cha Ondieki mwenyewe, kilichonyooka na kupigwa pasi.

"Nimekusikiliza wiki tatu. Mwalimu mkuu hajui ramani. Mchungaji ni mpiga kelele. Mama mkwe ni matope. Unadharau vizuri, nakusifu. Tatizo ni kwamba unadharau kwa kuogopa. Ile barua ya Makerere ya kukukataa ilikuwa na mistari mingapi? Miwili, siyo? Hawakuandika hata jina lako sawasawa."

Ondieki aliinua macho kutoka kwenye ramani. Barua hiyo aliichoma miaka kumi na mmoja iliyopita, kabla hajamjua mwanamke huyu, na majivu yake aliyamwaga chooni kwa mkono wake.

"Wewe ni nani?" akauliza, na akashangaa kusikia kwamba ananong'ona.

"Umeniandika vibaya katika kile kijitabu chako. Umesema nimezimika. Nilipotapika, misitu iliungua mpaka ziwani, na hapakuwa na jicho hata moja la kuona wala ulimi wa kulia. Sikuhitaji. Sasa mmepanda vichaka vyenu juu ya matapishi yangu, mnachuma majani, mnachemsha, mnakunywa, mnajiita watu. Nimeishi nanyi nyumba moja ili nione mna nini ndani. Hamna kitu. Mna harufu tu." Chepkirui alitabasamu, na midomo yake ilikuwa na vumbi la kijivu. "Mtoto yuko wapi, Mwalimu?"

Ondieki alitazama chini ya meza, akatazama mlangoni, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi na ukungu unaingia kwa miguu yake mwenyewe kama mtu wa nyumba hiyo, naye akakimbia, akajigonga kwenye mwimo, akapita jikoni ambako sakafu ilichoma nyayo zake kupitia soli za viatu, akatoka nje akiita jina la binti yake na ukungu ukilirudisha jina hilo usoni mwake, mpaka alipofika nyuma ya jiko akaona, chini kabisa katika kile kibonde, mahali palepale walipolala kuku, kigauni cha njano na miguu miwili midogo iliyonyooshwa kwa utulivu kama ya mtoto aliyelazwa na mama yake. Alivuta pumzi, akaibana kifuani. Alishuka, akainama ndani ya ile hewa isiyo na rangi wala harufu, macho yakimwasha, masikio yakivuma, akampapasa, akamshika kwapani, akateleza, akaanguka kwa goti moja, akasikia barazani jiwe likilia na kulia na kulia bila kupumzika, na hakufungua kinywa mpaka alipokuwa amemlaza Nyambeki juu ya nyasi, mbali, kwenye upepo.

Mtoto alikuwa na midomo ya samawati. Ondieki alimpulizia. Alimpulizia tena. Mara ya nne au ya tano, mtoto akakohoa, akaanza kulia kwa hasira.

Chepkirui alitokea mlangoni akishika kichwa. "Nimelala?" akauliza. "Kwa nini mdomo wangu una mchanga?"

Hawakurudi ndani hata kuchukua koti. Walitembea mpaka kwa Chepngeno, ng'ambo ya mto, na walifika wakati ng'ombe wanaingizwa kukamuliwa. Mama mkwe alimpokea mjukuu, akamfunika blanketi, akampa maziwa. Kisha akatoka nje alikosimama mkwe wake.

"Miaka tano umeoa hapa," akasema. "Leo ndiyo siku ya kwanza umekuja bila kuitwa."

"Mama, naomba unisaidie."

"Unaomba matope?"

Ondieki aliinamisha kichwa. Hakuuliza amejuaje.

"Mimi sina dawa," Chepngeno akasema. "Na siwezi kumfukuza. Babu yangu alikuwa na wale wazee walifungia yeye huko juu, na walikufa wakiogopa. Wewe ulimtoa, wewe utamrudisha. Utabeba kwa mgongo yako. Lakini sikia, Mwalimu. Ukibeba, usidharau mtu, hata kwa roho tu. Hiyo ndiyo chakula yake. Ukimpa hata kidogo, atakula, na hatabaki kwa jiwe tena."

"Atabaki wapi?"

"Kwa yule alimlisha."

Asubuhi, kabla ya kengele za kanisa, Ondieki alilishusha jiwe barazani. Chepngeno alimfungia mgongoni kwa kamba ya ngozi iliyopita kwenye paji la uso, kama wanawake wanavyobeba kuni, na wachumaji chai waliokuwa wakienda ibadani walisimama kando ya barabara kumtazama Mwalimu akipita amejikunja hivyo. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Lakini hakumdharau hata mmoja. Aliwaitikia salamu.

Walipita michai, wakapita mianzi, wakaingia msitu wa miti iliyoota ndevu za kuvu. Kadiri walivyopanda ndivyo jiwe lilivyozidi uzito na joto, na karibu na ukingo wa kreta likaanza kusema naye shingoni, kwa sauti ndogo, ya urafiki kabisa, sauti ya mtu mwenye elimu anayezungumza na mwenzake. Lilimsimulia jinsi mlima ulivyozaliwa. Lilimweleza mambo ambayo hakuna kitabu kinachoyajua, tabaka kwa tabaka, majivu juu ya lava na lava juu ya majivu, na Ondieki alitembea machozi yakimtoka kwa utamu wa mambo hayo. Hakujibu. Lilimtukana, hakujibu. Lilimkumbusha barua ya Makerere, hakujibu. Mbele yake Chepngeno alipanda akishika magoti, akiimba wimbo wa kanisa ili kujipa moyo, akikosea mwendo wa wimbo katika kila ubeti kwa namna ileile.

"Msikilize," jiwe likanong'ona. "Malaika wanaziba masikio huko juu, kila mmoja anamsingizia mwenzake kwamba ndiye aliyemfundisha."

Hivyo ndivyo hasa ambavyo Ondieki mwenyewe angesema. Kabla hajajua, pumzi ilimtoka puani. Ilikuwa fupi sana. Ilikuwa nusu ya kicheko, labda robo.

Chepngeno akaacha kuimba. Hakugeuka mara moja.

"Umecheka?"

"Nimekohoa, Mama."

Mama mkwe aligeuka, akamtazama kwa muda mrefu, ukungu ukipita kati yao. Kisha akasema, "Haya, twende."

Walilisimamisha jiwe juu ya ufa, wakalikaza kwa mawe madogo na matope ya kinamasi. Ile hewa ya uvuguvugu ikakoma. Chepngeno aliokota jiwe la kiganjani, akaligonga lile refu. Likatoa mlio wa jiwe la kawaida, kavu, usiokwenda popote.

Wiki mbili nyumba ilikuwa nyumba. Vumbi halikurudi. Katika kile kibonde njiti ya kiberiti iliwaka mpaka ikamchoma Ondieki vidole. Hospitalini Kaplong waliambiwa mtoto hana neno. Ondieki alikuwa mpole, mtu wa kusema tafadhali, na Chepkirui alianza tena kuimba akifua.

Jumapili moja, wakati wa chakula cha mchana, Chepkirui alimweleza kwamba mchungaji anataka kupanua kanisa. Washiriki watakusanya mawe mtoni, na mchungaji amesema msingi hautahitaji kuchimbwa kwenda chini sana, kwa sababu Bwana ataushikilia.

Ondieki akacheka.

Chepkirui alisikia vicheko viwili. Kimoja alikijua. Cha pili kilianza nyuma kidogo ya kile cha kwanza na kikaendelea kidogo baada yake, kavu, chenye mwangwi. Nyambeki aliweka kijiko chini, akainama kando ya kiti kutazama nyuma ya baba yake.

"Nani mwingine amecheka?" mtoto akauliza.

Chepkirui alisimama bila haraka. Alimwinua mtoto, akamfunga mgongoni kwa leso, akatoka kwa mlango wa mbele, akashika njia ya kwa mama yake kati ya michai. Hakuchukua viatu.

Ondieki alifika mlangoni. Alikuwa na maneno tayari: rudi, mke wangu, tafadhali, rudini wote wawili. Aliyapanga vizuri kichwani. Akafungua kinywa, na kilichotoka ni jambo kuhusu mwendo wa mkewe, na ukoo wake, na mzigo aliobeba mgongoni, tusi refu lililochongwa kwa ustadi, bora kuliko yote aliyowahi kusema, na likavuka barabara mpaka kwa watu waliokuwa wakitoka ibada ya pili, nao wakasimama. Chepkirui hakugeuka. Ondieki alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na nyuma ya viganja maneno yakaendelea.